Kasi ya SGR haiko juu ya kilomita 160

Tangu treni ya umeme ya reli ya kisasa (SGR) ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, na kufika Dodoma mwezi uliofuata, kuna swali ambalo halijatulia. Kwa nini reli iliyogharimu matrilioni ya shilingi imesanifiwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, wakati Morocco, nchi ya Afrika kama yetu, ina treni inayokimbia 320? Swali ni halali, na anayeliuliza hastahili kubezwa, kwa kuwa fedha ni zake. Lakini jibu lake ukilifuata kwa hesabu linakupeleka pengine kabisa. Treni hiyo ya Morocco, Al Boraq, iliyoanza kazi Novemba 2018, huenda kilomita 323 kutoka Tangier hadi Casablanca kwa muda wa saa mbili na dakika 10. Ukigawanya unapata wastani wa kilomita 150 hivi kwa saa, chini ya nusu ya ile 320 inayotajwa. Mwendo huo mkubwa unapatikana kati ya Tangier na Kenitra tu. Kuanzia Kenitra treni inaingia kwenye reli ya kawaida, inagawana njia na treni nyingine, na inasimama kupakia na kushusha. Treni yetu ya haraka inakwenda Dodoma, takriban kilomita 450, kwa muda wa saa tatu na nusu hivi. Wastani wake ni karibu kilomita 130. Mwenye kilele mara mbili ya chetu ametuzidi kwa kilomita 20 kwa saa.

Hii haina maana kwamba Morocco ilikosea. Safari iliyokuwa ikichukua karibu saa tano imekatwa zaidi ya nusu, na hilo ni jambo kubwa kwa watu wake. Ninachosisitiza ni kwamba kilele cha mwendo ni namba ya kwenye mabango, na abiria hasafiri kwenye bango. Anasafiri kutoka nyumbani kwake Mbagala hadi ofisi anakokwenda Dodoma, na muda wake unaliwa na vitu vingi ambavyo kichwa cha treni hakihusiki navyo. Kwa hiyo hoja yangu ni hii: Tanzania inaweza kupata safari ya treni iliyo fupi zaidi, na inayotumia umeme kidogo zaidi, bila kuvuka kilomita 160 hata kwa hatua moja. Tena mambo hayo mawili hayagombani kama watu wengi wanavyodhani. Hadi kiwango fulani, dakika na umeme hupotea mahali pamoja, na anayeziokoa dakika anauokoa na umeme.

Tuanze na reli yenyewe. Chukua kipande cha kilomita tano ambacho, kwa sababu ya tuta lililotitia au daraja linalofanyiwa matengenezo, madereva wameagizwa kupita kwa kilomita 40 kwa saa. Kwa mwendo wa 160 kipande hicho kingemalizwa chini ya dakika mbili. Kwa 40 kinachukua dakika saba na nusu. Zimepotea dakika tano na nusu na zaidi kidogo, bado hatujahesabu muda wa kupunguza mwendo kabla ya kufika hapo na wa kuuongeza tena baada ya kupita. Sasa tuseme unataka kuzifidia dakika hizo kwa kupandisha kilele cha treni hadi 200. Kila kilomita unayokwenda kwa 200 badala ya 160 inakuokolea sekunde nne na nusu. Ili kurudisha kilichopotea kwenye kilomita tano mbovu, utahitaji kilomita 75 zilizonyooka na zilizoboreshwa kwa ajili ya mwendo wa 200, pamoja na treni na mitambo ya ishara ya kumudu mwendo huo. Na wakati wote unapokuwa kwenye 200, ukinzani wa hewa, ambao hupanda kwa mraba wa mwendo, unakuwa umeongezeka kwa zaidi ya nusu. Unalipa umeme mwingi kununua dakika ambazo fundi mwenye mashine ya kushindilia kokoto angekupatia kwa bei ndogo sana.

Kipande hicho kibovu kinakula umeme pia. Treni yenye uzito wa tani 400 ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 160 imebeba nishati ya mwendo ipatayo uniti 110 za umeme. Ikishuka hadi kilomita 40, zaidi ya uniti 100 kati ya hizo zinatoka, na zisipokamatwa zinageuka kuwa joto la breki. Kisha treni inaomba uniti nyingine 100 kutoka kwenye nyaya ili irudi kwenye mwendo wake. Ili msomaji apate picha ya kiasi hicho, mteja mdogo wa nyumbani wa Tanesco anayelipa bei nafuu hatakiwi kuvuka uniti 75 kwa mwezi. Breki moja kubwa ya treni inazidi matumizi ya mwezi mzima ya nyumba hiyo. Dereva wa daladala anayeshika breki na kukanyaga mafuta kila hatua kwenye foleni ya Ubungo analijua jambo hili mfukoni mwake: gari linakunywa mafuta mengi zaidi siku linapokwenda polepole zaidi. Matengenezo ya reli, basi, yasihesabiwe kama gharama ya usalama peke yake. Ni mradi wa mwendo na ni mradi wa nishati. Wanaoikumbuka reli ya zamani wanajua jinsi maji ya mto Mkondoa yalivyoisumbua njia kati ya Kilosa, Kidete na Gulwe kila mvua zilipozidi. SGR imepita kwa madaraja na mahandaki katika ukanda huo huo wa milima, na bajeti ya kuulinda ukanda huo isije ikawa ya kwanza kukatwa fedha zinapopungua.

Pale tunapopanda kwenda Dodoma ndipo suala la nishati linaponoga. Mji huo uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kuinua tani moja hadi kimo hicho kunahitaji uniti tatu, kwa kanuni ya fizikia isiyojadiliwa. Treni ya tani 400 inahitaji uniti 1,200 kwa kupanda tu, mbali na zile za kuisukuma mbele dhidi ya hewa. Nishati hiyo haijatupwa. Imewekwa akiba kwenye uzito wa treni, na inarudi treni inaposhuka kuelekea Pwani. Sehemu yake inaisaidia treni kusonga bila kuvuta umeme. Sehemu nyingine, hasa kwenye miteremko mikali ambako lazima dereva azuie mwendo, ama inaunguzwa kwenye breki, ama inageuzwa kuwa umeme na kurudishwa kwenye nyaya. Mota ya treni ya kisasa inafanya kazi zote mbili: inasukuma ikipewa umeme, inazalisha umeme ikisukumwa. Lakini umeme uliozalishwa unamtaka mtumiaji wa karibu. Treni inayoshuka kutoka Gulwe ikikutana na nyingine inayopanda kutoka Kilosa ndani ya eneo moja la usambazaji, ile inayoshuka inaisaidia ile inayopanda. Zisipokutana, umeme huo unabaki kutegemea kama gridi itaupokea. Mtu anayepanga saa za kuondoka treni ofisini Dar es Salaam anaweza kwa hiyo kuokoa umeme bila kununua hata nati moja, kwa kuzipangilia treni zipishane mlimani. Sidhani kama kuna uwekezaji wa nishati wenye bei ndogo kuliko huo katika nchi hii.

Kuna kazi nyingine ya ratiba ambayo haizungumzwi. Ratiba iliyobanwa hadi sekunde ya mwisho inamlazimisha dereva akimbie kwa nguvu zote hadi karibu na stesheni, kisha ashike breki. Ratiba yenye dakika mbili au tatu za nafasi inamwezesha kukata umeme kilomita kadhaa kabla na kuiacha treni iteleze yenyewe. Reli ni chuma juu ya chuma, msuguano wake ni mdogo mno. Treni iliyoachiwa hutembea mbali. Dakika hizo chache zinaokoa umeme kwa uwiano mkubwa kuliko muda zinaochukua, na siku ikitokea hitilafu ndogo, ndizo zinazomfanya abiria afike kwa wakati ulioandikwa kwenye tiketi. Mtu anaweza kuniambia kwamba hapo najipinga, kwamba nimedai kuharakisha na sasa nachelewesha. Jibu langu ni kwamba kinachomwathiri mtu aliyepanga kikao au miadi ya hospitali ni muda anaoweza kuutegemea. Treni ya saa tatu na nusu inayofika kila siku kwa saa tatu na nusu ni ya haraka kuliko ya saa tatu na robo ambayo leo imefika, kesho ina saa nne.

Kwamba mwendo na uokoaji wa umeme vinaweza kwenda pamoja, Wajapani wamelithibitisha kwa zaidi ya miaka 60. Shinkansen ilianza Oktoba 1964 kati ya Tokyo na Osaka, umbali wa kilomita 515, si mrefu sana kuliko wetu wa Dodoma, kwa mwendo wa kilomita 210 kwa saa. Treni zinazopita pale leo zinakwenda kasi zaidi na zinatumia umeme kidogo kuliko zile za kwanza. Zimepunguzwa uzito na kuchongwa pua ili zipasue hewa vizuri, na mota zake, kama za treni za kwanza, zimegawanywa kwenye mabehewa mengi. Ila mfano unaonivutia zaidi ni wa mwaka 2007, ilipoingia treni ya aina ya N700. Njia ile ya zamani ina kona nyingi zenye nusu kipenyo cha mita 2,500, ambazo treni zilizotangulia zilitakiwa kuzipita kwa kilomita 255 hata kama zilikuwa zikikimbia 270 kabla ya kona. Wahandisi wakaifanya N700 iweze kuinamisha behewa kwa nyuzi moja tu kwenye kona, na hilo likatosha kuipitisha kwa 270 bila kupunguza. Kilele hakikuongezwa. Kilichoondolewa ni ile breki ya kuingia na ile nguvu ya kutoka, kona baada ya kona, na matokeo yake yalionekana kwenye saa na kwenye matumizi ya umeme kwa pamoja.

Sisi tumeshaonja kidogo faida ya kugawanya mota kwenye mabehewa mengi. Treni za Hyundai Rotem ambazo wananchi wameziita mchongoko, seti 10 zenye mabehewa manane kila moja, hazina kichwa kimoja cha kuvuta mkia mrefu. Mota zake zimesambazwa chini ya mabehewa, hivyo magurudumu mengi yanashika reli kwa pamoja na treni inapata mwendo upesi baada ya kusimama. Hilo linanisaidia kujibu pingamizi zito kuliko yote kwa upande wa haki: kwamba kuharakisha treni ni kuwaruka wananchi wa Soga, Ngerengere, Kilosa na Gulwe ili wakubwa wawahi Dodoma. Kusimama mara moja kunagharimu dakika tatu hadi nne hata kama milango imefunguliwa kwa dakika mbili tu, na anayesema gharama hiyo ni ndogo hajazidisha kwa idadi ya vituo. Lakini suluhisho si kuvifuta vituo. Treni zinazosimama kila mahali ndizo zingepewa mchongoko kwanza, kwa kuwa ndizo zinazofaidi zaidi wepesi wa kuondoka, na ndizo zenye breki nyingi za kukamatwa na kugeuzwa umeme. Treni ya moja kwa moja, inayoshika mwendo mmoja kwa muda mrefu, inaweza kuvutwa na kichwa cha kawaida bila hasara kubwa. Desturi ya kuipa huduma ya bei ya juu treni mpya, na ya bei ya chini treni iliyobaki, inakwenda kinyume na fizikia na kinyume na maslahi ya wananchi wa njiani.

Dakika nyingine nyingi zinapotea kabla treni haijaondoka, na mfano wa majirani zetu unatosha kutuonya. Madaraka Express ya Kenya ilipoanza Juni 2017 ilileta mapinduzi ya kweli kwa msafiri wa Mombasa na Nairobi: kilomita 472 kwa saa tano hivi, kwa treni ya dizeli yenye kilele cha 120. Ila stesheni ya Nairobi iko Syokimau na ya Mombasa iko Miritini, zote nje ya katikati ya mji. Abiria anatakiwa kufika mapema, mizigo ipangwe chini inuswe na mbwa, kisha ipite kwenye mashine. Hata kama Kenya ingepandisha kilele kutoka 120 hadi 160 njia nzima bila kusimama popote, ingeokoa muda wa saa moja tu. Foleni ya ukaguzi na msongamano wa kuelekea stesheni vinaweza kuimeza saa hiyo yote. Stesheni yetu ya Dar es Salaam iko mjini, jambo ambalo waliolipanga wanastahili sifa, lakini Morogoro treni inaishia Kihonda, na aliyeshuka hapo usiku anategemea bodaboda na bajaji.

Hapa somo linatoka Uswisi, nchi isiyo na treni ya kilomita 300 yake yenyewe na ambayo watu wake ni miongoni mwa wanaosafiri kwa reli zaidi duniani. Mwaka 1987 wananchi wake walipigia kura mpango ulioitwa Reli 2000. Badala ya kuuliza treni inaweza kukimbia kiasi gani, wapangaji waliuliza inahitaji kufika saa ngapi ili abiria aunganishe na treni au basi linalofuata. Waliona kwamba Zurich, Bern na Basel zikiwa chini ya saa moja kutoka mji mmoja hadi mwingine, treni zote zitakutana stesheni kwa wakati mmoja na abiria atabadilisha bila kusubiri. Wakajenga njia mpya ya kilomita 45 tu, kati ya Mattstetten na Rothrist, kwa mwendo wa 200, wakakamilisha awamu ya kwanza ya mpango Desemba 2004. Kwetu ingekuwa na maana kwamba basi la Singida, la Kondoa na la Iringa yawe yameegeshwa nje ya stesheni ya Dodoma treni inapoingia, yakiwa na tiketi moja na treni, na yaondoke dakika 20 baadaye. Anayekwenda Singida angepata faida kubwa kuliko atakayoipata kwa kilomita 40 za ziada kwenye kilele.

Nalijua pingamizi la umeme, na sitalipita juu juu. Umeme ukikatika, treni ya umeme inasimama. Hilo limetokea hapa na abiria wamekaa porini kwa muda mrefu. Kuna wanaosema Kenya ilifanya busara kubaki na dizeli. Lakini treni ya dizeli inapoteza sehemu kubwa ya mafuta yake kama joto la injini, na ikishuka kutoka Nairobi kwenda Mombasa nishati yote ya mteremko inaishia hewani kwa sababu haina nyaya za kuirudishia. Jambo la kusikitisha ni kwamba Kenya ni nchi ambayo karibu asilimia 90 ya umeme wake unatokana na jotoardhi, maji, upepo na jua. Uganda imechagua umeme kwa njia yake ya Malaba hadi Kampala, kilomita 272, iliyosainiwa mkataba Oktoba 2024, hivyo Malaba vichwa vitabadilishwa na muda utaliwa mpakani. Upande wetu, bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limepunguza hoja ya upungufu wa umeme. Kinachobaki ni ubora wa njia za kuufikisha relini: ulinzi wa nyaya dhidi ya wezi na wanyama, vituo vya kupoza umeme vyenye njia mbadala, na betri za kutosha kuifikisha treni stesheni ya jirani hitilafu inapotokea. Hayo yanatatulika, na ndiyo yapewe fedha kabla ya ndoto ya 250.

Wengine wataniambia kwamba hoja hii inafaa Dodoma lakini haifai Mwanza. Njia nzima itakapokamilika, Dar es Salaam hadi Mwanza itakuwa kilomita 1,219. Kwa wastani wa 120, ambao tayari tumeuvuka, ni safari ya saa 10. Huo ni muda wa usingizi. Treni ya vitanda inayoondoka Dar saa mbili usiku na kufika Mwanza saa 12 asubuhi haimwibii mfanyabiashara hata saa moja ya kazi, na inapita usiku ambapo mahitaji ya umeme nchini yamepungua. Kigoma vivyo hivyo. Mabehewa ya kulala yaingizwe kwenye manunuzi sasa, wakati vipande vya Makutupora–Tabora, Tabora–Isaka na Isaka–Mwanza bado vinajengwa.

Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria mwaka 2019 kwamba reli inabeba asilimia nane ya safari za abiria duniani kwa asilimia mbili tu ya nishati ya usafirishaji wote. Sifa hiyo inategemea viti vilivyojaa na breki zilizoshikwa mara chache, na sisi hatuna namna ya kujua kama tunaistahili, kwa sababu tunachotangaziwa ni idadi ya abiria na mapato. Naliomba Shirika la Reli Tanzania lichapishe kila mwezi dakika zilizopotea na sababu zake, kipande kwa kipande, pamoja na uniti za umeme zilizotumika kwa kila abiria. Ewura hututangazia bei ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na nchi nzima inaifuatilia. Takwimu za treni zitangazwe kwa utaratibu huo huo, na anayetaka mwendo wa 320 aanze kwa kuzidai.